Siku Mama Alipopanda Muhogo

Jirani yangu hapa Mbarara, mke wa mwanajeshi wa kambi ya Makenke, ana vita na ndoo yangu ya muhogo. Naiweka nyuma ya nyumba, naifunika kwa sahani na jiwe juu yake, lakini muhogo ukishalowekwa hadi ukaanza kulainika haufichiki. Juzi alikuja mlangoni ameziba pua kwa pindo la leso.

"Mama Elisha, hii kitu yako nanuka mubaya sana! Nyinyi Bakongo, nani aliwaroga?"

Nikamwambia aje kwanza ale ugali wake jioni, kisha aendelee kututukana akiwa ameshiba. Alikuja, akala, akaomba aongezewe, akaondoka bila aibu yoyote. Mimi nikabaki na ndoo yangu. Harufu ile hunirudisha kambi ya wakimbizi ya Nakivale nitake nisitake, kwenye uwanja wa nyumba yetu upande wa Misiera, kwa Koko, na kwenye msimu ule nilipojiona mtoto mwenye akili kuliko wote kambini.

Koko ndivyo sisi watu wa Kivu ya Kusini tunavyowaita bibi zetu. Wangu alikuwa mama yake Papa, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyozidi mwili wake. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu aliniita mukemwenzi, yaani mke mwenzake, na kwa kuwa mumewe alifariki kabla sijazaliwa, aliwaambia wageni kwamba humu ndani mna wajane wawili, yeye na mimi, na kwamba mimi ndiye nisiyejua kuomboleza. Tulilala mkeka mmoja. Miguu yake ilikuwa baridi hata wakati wa kiangazi, na aliipasha moto kwenye mapaja yangu bila kuomba ruhusa.

Nyinyi mliokulia pale wakati wangu mtakumbuka kwamba hakuna mtu aliyetangaza kuhama. Watu waliogopa kijicho, waliogopa wezi, na sisi wa kanisani tuliogopa pia kwamba jambo likitajwa kabla ya wakati wake adui atalisikia na kuliharibu. Kwa hiyo jirani uliyesali naye Jumapili, ungeamka siku moja ukute mlango wake umefungwa kwa waya na kuku wake wako kwa mtu mwingine. Lakini shamba halikujua kunyamaza. Aliyewaza kuondoka alipanda maharage, kwa sababu yanaiva upesi, unayang'oa, unayabeba, unakwenda zako. Aliyekusudia kukaa alipanda muhogo, ambao hukulazimisha usubiri mwaka na zaidi. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililigundua mwenyewe nikienda kuchota maji, nikipita kando ya mashamba ya watu na kuyasoma.

Kiongozi wa kwaya yetu alipong'oa muhogo wake ungali mchanga na kumwaga maharage shamba zima, nilimwambia Koko, "Ule anaenda." Mavuno yalipokwisha akatoweka na familia yake yote. Koko alicheka hadi akakohoa, akawatangazia wanawake kwenye bomba la maji: "Mumuone mukemwenzi wangu! Iko nabii!" Basi kichwa kikanivimba. Kuanzia hapo sikuwauliza watu wazima chochote, niliangalia tu wamepanda nini.

Habari za bonde zililetwa nyumbani na Baba Mdogo Byamungu, binamu yake Papa, aliyekuja kututembelea kutoka bonde la Ruzizi, kule Kongo, ambako ukoo wetu ulikuwa na shamba kabla ya vita. Alikuwa amevaa viatu vipya. Alipewa kiti kizuri, akanywa chai yetu kwa sukari nyingi, akaeleza. Mifereji ya maji imezibuliwa. Mpunga unavunwa na kupandwa tena. Watu wanarudi. Lakini shamba letu lina watu wanaolimega taratibu kutoka pembeni.

"Ukikawia, kaka, utakuta bameisha kujenga mule," alisema. "Na utabashitaki na nini? Na karatasi ya ukimbizi?"

Chai ya Papa ilipoa mkononi. Alikuwa mkulima kweli, mtu wa maji na matope, na pale Nakivale alikuwa amepewa kipande cha ardhi kavu ambacho kila msimu kilitoa kidogo kuliko msimu uliopita. Posho nayo ilikuwa ikipunguzwa. Nilikuwa nimeshamwona akisimama shambani mvua inapokawia, mikono kiunoni, akiitazama mbingu kwa hasira. Alipolitaja bonde, sauti yake ililainika. Mimi lilinitisha. Bonde pekee nililolijua lilikuwa la shule ya Jumapili, lile la giza ambalo mtu hulipita akiogopa, na sikuelewa kwa nini Papa alitaka tukajenge mle badala ya kupita tu.

Jumapili moja baada ya ibada jambo likazungumzwa wazi. Tulikuwa tunakula ugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Papa alisema anataka kutupeleka sote. Mama alisema anaogopa kwenda, na anaogopa pia kubaki, na hajui woga upi ndio mkubwa. Kisha wote wawili wakamtazama Koko.

"Miye sitaenda," alisema, akaendelea kutafuna.

"Mama, kule ni kwetu," Papa akasema. "Fasi ya kulima iko, maji iko mingi. Tutakufa hapa na njaa juu ya nini?"

"Nimesema nyinyi musiende? Nimesema miye."

Niliyasikia yote hayo, lakini kichwani mwangu yalikaa yale ya kwanza tu. Nyumba yetu bila Koko ilikuwa kitu ambacho akili yangu haikuweza kukijenga. Akisema haendi, basi hatuendi, shauri limekwisha. Nikanyoosha mkono nikachukua tonge jingine.

Papa na Mama walifunga na kuomba. Watu wa chumba cha maombi walikuja kusaidiana nao, na hapo ndipo mambo yakazidi kuvurugika, maana mama mmoja aliona katika maono familia yetu inavuka maji yanayong'aa, na mwingine, siku ile ile, akaona mlango umepigwa kufuli. Walijibizana kwa upole kuhusu nani ameona vizuri. Koko, aliyekuwa pembeni akichambua maharage, alisema Mungu angechagua kwanza nani wa kumtuma. Mama alimkanyaga mguu, lakini naye alikuwa akizuia kicheko.

Mwishowe Papa alikwenda kuliona bonde kwa macho yake. Alirudi amekonda, ameiva kwa jua, ana furaha ambayo hakuweza kuificha. Alileta mchele wa shamba lile lile la ukoo, na Mama akaupika siku hiyo hiyo. Ulinukia hata watoto wa majirani wakaja kusimama uani kama waliotumwa. Sisi tulikula tukalamba vidole. Koko aliletewa sahani yake, akaiweka magotini, akaiangalia, akamrudishia Mama.

"Udongo ya kule ilikula mutoto yangu," alisema. "Miye sitakula kitu inatoka mule."

Papa aliinuka akatoka nje. Nilidhani ameudhika kwa kuwa zawadi yake imekataliwa. Sikujua bado kwamba kaka yake mkubwa, mtoto wa kwanza wa Koko, aliuawa katika shamba lile, na kwamba wao walikimbia bila kumzika. Watoto tulikuwa tumeambiwa tu kwamba alibaki, na mimi miaka yote nilimwazia akiwa hai, ana kofia ya majani na fimbo, akitulindia shamba. Nilikula wali wa Koko pia.

Mvua zilipoanza, Mama akapanda muhogo.

Naikumbuka asubuhi hiyo kuliko hata siku ya harusi yangu. Mama alirudi na fungu la miti ya muhogo kichwani, aliyoiomba kwa muumini mwenzetu. Koko aliketi chini, miguu ameinyoosha, akaikata vipande kwa panga, akihakikisha kila kipande kina macho ya kuchipukia, na Mama akavichomeka kwenye matuta, vimelala kidogo. Walipanda kuanzia karibu na mlango hadi mpakani kwa jirani. Hawakuacha hata upenyo wa maharage. Walifanya kazi bila kuimba, jambo ambalo halikuwa kawaida yao, na mara kwa mara Mama alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. Nilidhani ni jasho.

Nilikimbia kumtafuta mdogo wangu Neema. "Hatuendi! Banapanda muhogo!" Yeye alikuwa mdogo mno kujali, lakini alirukaruka kwa sababu mimi nilikuwa narukaruka. Shuleni niliwaambia rafiki zangu. Kwenye kwaya nilikubali kuongoza wimbo wa Krismasi, nafasi niliyokuwa nimeikataa nikihofia kwamba Krismasi haitanikuta pale. Niliporudi nyumbani nilimkumbatia Koko kwa nyuma, nikamwambia kwamba siri yao nimeijua.

"Unajua nini, mukemwenzi?"

"Tunabakia."

Akanifuta tope shavuni kwa kidole gumba. "Kweli," akasema. "Hii muhogo ni ya mwenye kubakia."

Mama alikuja kunieleza nikiwa mtu mzima, na hata wakati huo alieleza akiwa amenipa mgongo, akikoroga chungu. Papa alikuwa ameshaamua kutohama. Alimwambia Koko kwamba bila yeye hatoki Nakivale, na shamba liende linakokwenda. Koko ndiye aliyekataa. "Ukibakia juu yangu," alimwambia, "kila mara nikikula nitaona unanihesabia matonge. Peleka batoto. Miye munipandie chakula, munipandie mingi." Ndipo Mama akaenda kuomba ile miti. Walikuwa wanamwekea mtu akiba kabla ya kumwacha, na yeye mwenyewe alikuwa akiwakatia mbegu. Nikiwaza jinsi nilivyokuwa nikirukaruka kati ya matuta yale, nasikia uchungu mpaka leo. Natamani mtu mmoja tu angenishika mkono akaniambia. Ningelia, ningewasumbua wote, ndiyo. Lakini wiki zile zote ningezikaa na Koko wangu, badala ya kushinda kwenye mazoezi ya kwaya.

Wimbo wa Krismasi sikuuongoza. Tuliondoka kabla, asubuhi moja ya mawingu, kwa pikapu ya kutufikisha Mbarara kwenye basi. Nilipoona magodoro yanafungwa kamba sikuamini macho yangu. Nilikwenda kuutazama muhogo, ukiwa umenifika magotini, na Koko alikuwa katikati yake akipalilia.

"Koko, haujafunga bintu byako!"

"Nitafunga. Nyinyi mutangulie. Muhogo ikikomaa, nitakuya."

"Utakuya na nani?"

"Na muhogo," alisema, na nikacheka, naye akacheka. Kwa hiyo nabii aliridhika. Niliona ni jambo la maana kabisa, huwezi kuacha shamba lililopandwa, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Papa alikuja akasimama mbele yake muda mrefu, kofia mkononi. Koko alimwekea mkono kichwani, akamwombea kwa ile sauti yake kubwa, safari, mifereji, watoto, kila kitu, kisha akainama tena kwenye magugu. Pikapu ilipowashwa hakuinua uso.

Mji huu ninaoishi leo niliuona siku hiyo kwa mara ya kwanza, na sikumbuki jengo hata moja. Nakumbuka maziwa baridi ambayo Papa alitununulia karibu na kituo cha basi, na Mama aliyeshika kikombe chake bila kunywa hadi Neema akammalizia. Ndani ya basi nilipata kiti cha dirishani. Nilimwuliza Mama kama Koko naye atapewa cha dirishani atakapokuja. Akasema atapewa.

Bonde halikuwa na giza. Lilikuwa na jua kali, mbu, na maji yaliyotembea mchana kutwa kwenye mifereji. Papa aliimba akiwa magotini kwenye matope, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Tulishiba. Siwezi kudanganya, tulishiba, na Neema akaota mashavu. Wale waliokuwa wakilimega shamba walisogea baada ya wazee kuwaita na kuzungumza nao. Kwenye pembe moja Papa alirundika mawe, akamwita mchungaji, na kaka yake akafanyiwa maombi ya maziko bila mwili. Nilisimama nimemshika Neema mkono, nikaelewa kwamba hakukuwa na mtu mwenye kofia ya majani aliyekuwa akitulindia chochote.

Kila Jumapili Papa alipiga simu kwa Mama Sifa, jirani yetu wa Nakivale, naye alimpelekea Koko. Simu ilipita mkono kwa mkono, na zamu yangu ilipofika nilikuwa na swali lile lile.

"Koko, utakuya wakati gani?"

"Muhogo ingali kidogo."

Jumapili nyingine muhogo ulikuwa unaanza kunenepa. Nyingine, mvua imekosekana, tungojee. Nyingine, panya wameingia shambani, hawezi kuwaachia. Nilimwambia nimemwekea upande wa ukutani kwenye mkeka, maana najua hapendi upande wa mlango. Akanishukuru, akanionya nisimruhusu Neema akaukojolea.

Mimi niliyejua kusoma mashamba ya watu nilichelewa kulisoma lile. Nasi tulikuwa tumepanda muhogo wetu tulipofika bondeni. Ukakua, tukaung'oa, tukaula, tukakata miti yake tukapanda mwingine, na huo nao ukafika wakati wa kuliwa. Nilikuwa nimechuchumaa na Mama tukiung'oa huo wa pili, udongo umenijaa kwenye kucha, ndipo akili ikanijia. Wa Nakivale ulipandwa kabla ya wetu wa kwanza. Nilimtazama Mama. Naye alinitazama, akajua kwamba nimejua, akaendelea kung'oa. Tulijaza kikapu tukarudi nyumbani.

Bonde lenyewe halikutuweka. Vita vilirudi, tukakimbia tena kwa njia ile ile, shamba tukaliacha kwa wenye bunduki. Leo Papa anakaa Nakivale, kwenye kipande kingine cha ardhi kavu, na ukimtajia bonde anakuuliza kama umekula. Koko hatukumkuta. Homa ilimchukua sisi tukiwa bado kule, akazikwa na watu wa kanisa. Papa alipata habari akiwa kwenye mpunga, akaketi pale pale ndani ya maji. Nimejaribu kulipima jambo hili kila namna: mavuno machache, mashavu ya Neema, maombi juu ya yale mawe, upande mmoja, Koko peke yake kwenye ile nyumba, upande wa pili. Ningekuwa na sauti wakati ule, ningesema tukae. Papa naye, siku moja tu, alisema hivyo hivyo.

Lakini uamuzi ule haukuwa wangu, na siwezi kuubeba. Ninachokibeba ni Jumapili moja, siku chache kabla Koko hajaanza kuugua. Simu ilinifikia, nikamsalimia vizuri, nikampa habari za shule na za mpunga. Nilikuwa nimeshajua, na nilidhani namhurumia, nisimlazimishe kutafuta sababu nyingine. Nikamuaga, nikaanza kumpa Papa simu.

"Mukemwenzi," nikamsikia akiita, nikairudisha sikioni. "Leo hauniulize?"

"Nikuulize nini, Koko?"

Nilisikia upepo wa kule, na kuku, na Mama Sifa akimwambia aisogeze simu karibu.

"Basi," alisema. "Nilikuwa nimeisha kutayarisha jibu."

Kisha akaomba nimpe Papa.